Paa la Nyumba ya Wote

Katika lugha yetu neno utando lina kazi nyingi. Buibui ana utando wake. Jicho la mzee huota utando. Maziwa yaliyochemshwa yakiachwa yapoe hufanya utando juu. Na mawingu membamba yakitandaa mbinguni tunayaita utando. Vyote hivyo ni vitu vyembamba vikaavyo juu ya vitu vizito kuliko vyenyewe. Mimi nalitumia neno hilo hapa kwa kazi moja zaidi: tabaka la lami, la mpira au la plastiki ambalo unene wake ni milimita chache tu, litandikwalo juu ya paa bapa la zege ili mvua isipite. Nataka kusema juu ya utando huo katika nyumba za umma, yaani shule, maktaba, hospitali, mahakama na nyinginezo ambazo kila mtu huingia na hakuna mtu alalaye ndani yake.

Huenda msomaji akauliza mwalimu wa lugha ana haki gani ya kunena juu ya lami na mpira. Haki yangu ni ndogo, nayo ni vitabu. Jengo ninalofundishia ni la miaka ya 1960, zama ambazo wachoraji wa majengo walilipenda sana paa bapa. Katika orofa yake ya juu idara yetu iliweka hazina yake: magazeti ya kale ya Kiswahili yaliyotiwa majalada ya nguo, tasnifu ambazo hazina nakala ya pili mahali pengine, na makabati mawili ya tenzi zilizonakiliwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Paa likavuja. Kwa muda tuliweka ndoo, kisha tukahamisha makabati, kisha tukayahamisha tena, maana tone lilitufuata kila tulikokwenda. Karatasi iliyoloa ikikaa siku mbili au tatu katika joto la pwani huota ukungu, na ukungu ukianza kula mwandiko hauchagui beti nzuri na mbaya. Mwaka 2017 kamati iliundwa ili kuchagua utando mpya. Niliingizwa humo kwa sababu mbili: nilikuwa mwenye makabati, na maelezo ya kazi yaliyokuwa katika Kiingereza yalihitaji kuandikwa kwa Kiswahili ili mafundi na wahudumu wayasome. Mtu atafsiriye kitu hulazimika kukielewa, na hivyo ndivyo nilivyojifunza habari za mapaa.

Kabla ya kuhukumu vitu vipya yafaa kuvitazama vya kale, kwa kuwa pwani yetu haikuanza kulijua paa bapa jana. Neno sakafu tumelipata kutoka Kiarabu, na huko asili yake ni paa au dari. Sisi tulilishusha likakanyagwa. Lakini katika miji ya mawe lilitumika kwa yote mawili, na halikukosea, kwa sababu sakafu ya orofa ya juu ndiyo dari ya orofa ya chini, na sakafu ya mwisho kabisa ndiyo paa. Ujenzi wake ulikuwa hivi. Boriti za mikoko zililazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na kwa kuwa boriti haivuki mbali, chumba kilikuwa chembamba, upana wake kama mita 2.5 hadi 3. Juu ya boriti yaliwekwa mawe ya matumbawe, na juu ya mawe ulimiminwa mchanganyiko wa chokaa na kokoto. Kisha watu walipanda wakapigilia kwa vipande vya mti, siku baada ya siku, kwa nyimbo, mpaka chokaa ikashikamana ikawa ngumu na laini. Kupigilia huko ndiko kulikokuwa utando wao. Maji yalielekezwa kwenye milizamu iliyotokeza nje ya ukuta, yakaanguka mbali na msingi.

Paa la namna hiyo halikuachwa likae lenyewe. Kila mwaka lilipakwa chokaa, nyufa zilizibwa, milizamu ilizibuliwa. Mvua za Unguja zilipozidi nguvu za chokaa, wenye nyumba wengi katika Mji Mkongwe waliongeza mapaa ya mabati yenye mteremko juu ya yale ya kale. Wapenda uzuri husikitika wakiyaona mabati yale. Mimi sisikitiki sana. Mwenye nyumba aliyepandisha bati alikuwa anasema kwa vitendo kwamba nyumba ni yake na kwamba ana nia ya kuilala mwaka ujao.

Mambo yaliharibika pale mwenyewe alipokosekana. Baada ya mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilichukuliwa na serikali, na katika nyumba moja wakaingia jamaa kadhaa. Kila jamaa walifagia chumba chao. Paa, lililokuwa juu ya wote, halikuwa ndani ya chumba cha yeyote. Maji yaliingia katika chokaa, yakafika kwenye vichwa vya boriti mle ukutani, boriti zikaoza mahali pasipoonekana, na katika miaka ya 1970 na 1980 nyumba zikawa zinaanguka. Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Nyumba nyingi zilikuwa zimekwisha kuwa viunga vya mawe na majani. Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, iliporomoka sehemu yake mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 upande wake wa mbele ukaanguka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafa. Nyumba ile ilikuwa katika matengenezo siku hiyo, na sababu za anguko kubwa namna ile si moja, sitathubutu kuzipanga. Nasema tu kwamba iliwahi kuwa jumba la mfalme, kisha ofisi za serikali, kisha makumbusho, na kwamba matengenezo yaliyokuwa yakifanywa yalitanguliwa na miaka mingi ya kungoja matengenezo.

Zege lilipokuja lilileta imani mpya. Watu walidhani kwamba jiwe limiminwalo halipitishi maji. Kwa kweli zege hupitisha maji polepole sana, na ndani yake mna nondo. Maji yakifika kwenye nondo, hasa maji yaliyochanganyika na chumvi ya upepo wa bahari, chuma hushika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ikalisukuma zege kutoka ndani mpaka likabanduka vipande vipande. Mtu aliye chini huona plasta imefura na kuchuruzika rangi ya hudhurungi. Humwita mpaka rangi. Mpaka rangi huja, hupaka, hulipwa, na kwa miezi mitatu dari hupendeza.

Kuna ujanja mwingine wa maji uliotuchosha sana. Makuti yakivuja, tundu liko juu ya tone. Mtu hunyosha kidole akasema pale. Paa la zege haliko hivyo. Maji hupenya penye mpasuko wa utando, husafiri chini yake, hufuata mteremko wa zege au bomba la nyaya za umeme, hutokea chumba cha tatu. Tuliziba juu ya makabati mara nne, na kumbe maji yalikuwa yakiingilia upande wa pili wa jengo, penye kona ya ukuta mdogo uzungukao paa. Katika kila mkutano mtu hakukosa kutukumbusha methali ya ufa na ukuta. Ni methali njema. Lakini ilitungwa na watu ambao ufa wao walikuwa wakiuona.

Sasa nije kwenye uchaguzi wenyewe. Mhasibu wetu alitaka tupandishe mabati juu ya zege, kama walivyofanya watu wa Unguja. Wajumbe wengine walicheka, mimi sikucheka. Alishindwa kwa sababu za upepo na za uzito wa mitambo iliyokuwa juu, wala si kwa sababu ya upumbavu. Mpira ulisifiwa kwa kuvumilia jua na kunyumbuka, ila huunganishwa kwa gundi, na gundi hutaka mahali pakavu na safi, tena mpira huchukia mafuta ya mashine. Mhandisi kijana alitetea plastiki nyeupe, na alitetea vizuri. Utando mweusi katika mchana wa Januari waweza kupata joto la nyuzi 70 na kupita, nao mweupe hulirudisha jua, vyumba vya chini vikapoa; na mapande yake huunganishwa kwa hewa ya moto yakawa kitu kimoja. Yote hayo ni kweli. Lakini plastiki ya namna aliyoitaka haipatani na lami. Ikigusana nayo hupoteza vile vilainishi vilivyoifanya nyororo, ikakakamaa na kupasuka. Na paa letu lilikuwa na matabaka mawili ya lami ya kale. Ilibidi ama tuyabandue yote ama tutandike kitu cha kuvitenganisha. Nikamuuliza swali moja: ukipasuka Ramadhani ijayo, nani katika mji huu ana mashine ya kuushona? Alifikiri kwa haki, akajibu kwamba mashine hiyo yuko nayo fundi mmoja tu, naye hakai hapa.

Swali hilo ndilo nililoliona kuwa kubwa kuliko mengine, na bado naliona hivyo. Utando bora duniani ambao hakuna wa kuutia kiraka ni utando dhaifu. Tulichagua lami: mabunda yenye unene wa milimita 4, yaliyochanganywa na plastiki, maana yako pia yaliyochanganywa na mpira, lakini hayo ya pili sifa yake ni kunyumbuka penye baridi, na yale ya kwanza huvumilia joto. Huunguzwa upande wa chini kwa moto wa gesi yakashikamana na zege. Mafundi wa kazi hiyo wako katika kila mji mkubwa wa pwani, na kiraka chake hupatikana dukani. Kasoro yake ni kwamba jua huila lami isipofunikwa, kwa hiyo hupakwa rangi ya fedha au nyeupe, na rangi hiyo hurudiwa kila baada ya miaka michache. Mhandisi kijana aliandika maoni yake ya kupinga katika kumbukumbu za mkutano, na ni vema aliandika.

Maelezo ya kazi yalinifurahisha kuyatafsiri kwa kuwa yalikuwa na ukali wa sheria za tenzi. Pande juu ya pande lipishane milimita 100 ubavuni na 150 mwishoni. Utando usiishie chini penye ukuta, bali upande ukutani milimita 150 na kufungwa juu. Mteremko usipungue 1 kwa 80, maana yake katika kila mita 8 paa lishuke sentimita 10; paa bapa lililo bapa kweli ni birika. Kazi ikiisha, milizamu izibwe, paa lijazwe maji, yakae saa 24, na watu wazunguke chini kutazama dari. Tulifanya hivyo. Nilikaa na tochi katika chumba cha makabati usiku ule, na dari ilikuwa kavu.

Sehemu iliyokuwa ngumu zaidi kuitafsiri, si kwa maneno bali kwa maana, ilikuwa dhamana. Mkandarasi alitoa dhamana ya miaka 10. Watu wa ofisini waliposikia miaka 10 walifunga faili. Lakini chini ya ukurasa yalikuwepo masharti: paa likaguliwe mara 2 kwa mwaka na ukaguzi uandikwe, milizamu isafishwe kabla ya mvua, mtu yeyote asitoboe utando bila mkandarasi kujulishwa, yasipofanyika hayo, dhamana haina nguvu. Kwa lugha nyepesi, karatasi ile haikutuahidi kwamba paa litadumu miaka 10. Ilisema kwamba paa litadumu tukilitunza, na kwamba tusipolitunza msiba ni wetu. Nikaandika masharti hayo kwa herufi kubwa yakabandikwa kwenye mlango wa ngazi ya paa.

Aliyeyasoma kwa bidii alikuwa mfagiaji wetu, mzee aliyelitumikia jengo hilo zaidi ya miaka 20. Asubuhi moja nilimkuta juu na ufagio na karai.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Mmeandika mara mbili kwa mwaka?"

"Ndivyo walivyosema."

"Mkungu haujui kusoma," akasema, akanionyesha mti uliosimama ubavuni mwa jengo. "Huu wapukutisha majani siku zote. Majani makubwa haya, mawili tu yanatosha kuziba mlizamu."

Akawa anapanda kila Jumamosi. Alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika tarehe, hesabu ya makarai ya taka, na neno moja au mawili: kavu, maji kidogo kona ya mashariki, rangi imebanduka, kunguru amejenga. Hakuna mtu aliyemwagiza kuandika. Maji yaliyokaa zaidi ya siku mbili baada ya mvua aliyazungushia chaki, ili fundi ajapo ajue bonde liko wapi. Nimesoma ripoti nyingi za wataalamu zilizokuwa na picha za rangi, na sijaona yenye manufaa kuliko daftari lile.

Msomaji apime uzito wa jambo hili. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa letu lina mita za mraba 600. Mvua ya milimita 60, ambayo katika masika si ajabu kuipata kwa siku moja, huleta lita 36,000, yaani tani 36. Milizamu ikiwa wazi, tani hizo hupita zikaenda zake. Milizamu ikiwa imezibwa na majani mawili ya mkungu, hukaa pale, juu ya vichwa vya wanafunzi na juu ya tenzi, zikitafuta mahali pa kupenya, nazo zina subira.

Na tundu, kama halipo, hutengenezwa. Hili laniudhi zaidi ya uchakavu, kwa maana uchakavu hauna nia. Mwaka 2019 walikuja watu wa mitambo ya kupozea hewa, wakafunga mashine tatu juu ya paa kwa misumari mirefu iliyopita ndani ya utando na kuingia katika zege. Baadaye wakaja watu wa dishi. Kisha watu wa matangi ya maji. Kila mmoja alikuwa na barua yenye sahihi kutoka ofisi yake, na hakuna barua hata moja iliyokuwa imepita kwa yule anayehusika na paa, kwa sababu hakuna anayehusika na paa. Katika orodha za chuo yumo wa umeme, yumo wa maji, yumo wa bustani. Mzee wetu aliyaona matundu akayaandika, akaleta daftari kwangu, nami nikaandika barua, tukapata fundi akaweka viraka na kuinua miguu ya mashine juu ya mabamba. Ndipo nikajua faida ya lami: fundi alikuja siku ya pili, kazi ikaisha siku hiyohiyo.

Mzee alistaafu mwaka 2021. Tulimfanyia karamu, akapewa saa ya ukutani. Nafasi yake haikujazwa. Kazi ya usafi ilipewa kampuni, na mkataba wa kampuni wataja sakafu, madirisha, vyoo na ngazi. Nimeusoma mkataba huo mara mbili. Sakafu zinazotajwa ni zile za kukanyagwa. Fedha za kubadili paa zima zilipatikana mwaka 2017 kwa vikao vitatu, kwa sababu paa jipya ni mradi, lina ufunguzi na picha. Fedha za mtu mmoja mwenye ufagio hazina fungu la kuombewa. Nimekwisha kuambiwa hivyo kwa adabu katika ofisi tatu, na sina shaka kwamba walioniambia walikuwa wakisema kweli kwa mujibu wa vitabu vyao.

Daftari lipo katika kabati la kwanza, pamoja na tenzi. Tangu mwaka 2021 mwandiko wake umekuwa wa watu mbalimbali: wangu, wa mkutubi, na wa wanafunzi wa shahada ya pili ambao huja wawili wawili, siku waliyo na nafasi. Ufunguo wa mlango wa paa tumeuachia mkutubi, na atakaye kupanda na msumari hana budi kupita kwake. Amewarudisha watu wa dishi mara moja. Rangi ya fedha imerudiwa upande wa kusini tu. Jumamosi iliyopita tulitoa makarai manne ya majani. Mlizamu wa kaskazini unapitisha maji polepole, yaelekea kuna kitu kimekwama ndani ya bomba chini zaidi ya mkono unapofika, na fundi amesema atakuja na waya mrefu kabla ya Machi.